Uliza Mkunga: Mgongo wazi, dawa ya uchungu na sanduku la bibi

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: huu ulemavu umetoka wapi, na je, ungezuilika? Nimefanya kazi wodi ya wazazi mkoani Tanga hadi nikastaafu, na swali hilo nimeulizwa usiku na mchana, mara nyingi na mama ambaye ukoo mzima unamtazama kama mshitakiwa. Kwa hiyo nauweka msimamo wangu mezani, asiyeupenda ageuze ukurasa. Ulemavu mwingi wa kuzaliwa nao hauna mwenye kosa. Ule unaozuilika una saa yake, na saa ikipita hairudi. Ndiyo maana leo nitataja siku na dakika kuliko nitakavyotaja dawa.

Na neno kwa wanaonitumia majina ya mizizi wakiomba niyachapishe: hapana. Mkinuna, nuneni.

MAMA MKWE ANASEMA NI LAANA

Shikamoo mama. Nina miaka 26. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi. Alifanyiwa upasuaji Muhimbili akiwa mchanga, na kichwa kilipoanza kukua akawekewa mpira wa kushusha maji. Sasa ana miaka mitatu, anaongea kutushinda wote, ila miguu haina nguvu. Mume wangu anataka mtoto wa pili. Mama mkwe anasema ni laana ya kwetu, tukatambike kwanza. Naogopa. Nianze na lipi?
Mwenye hofu, Kibaha

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera kwa huyo msemaji. Mtoto wa mgongo wazi aliyewahishwa kwenye upasuaji, akawekewa mpira na akafika miaka mitatu anapiga soga, ana wazazi waliohangaika.

Sasa tuhesabu pamoja. Mtoto akiwa bado mdogo kuliko punje ya maharage, mgongoni mwake kuna mfereji unaojifunga kutoka katikati kwenda juu na chini. Huo ndio unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Unatakiwa uwe umefunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Siku hizo zikiisha, wewe umechelewa kuona siku zako kwa wiki mbili tu, pengine hata mkojo hujapima. Sisi huku kliniki tunakwenda lini? Mimba ikiwa na miezi minne, mitano, tumbo limeanza kuonekana na majirani wameshajua. Unapewa vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki asidi ndani yake, na vinakufaa kwa damu yako, lakini kwa mgongo wa mtoto umeleta mbao baada ya paa kuezekwa.

Mwanamke ambaye hajawahi kupata mtoto wa namna hiyo anatakiwa ameze foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, aanze kabla ya kubeba mimba na aendelee mpaka wiki ya 12. Wewe umeshapata mmoja, kwa hiyo kipimo chako ni kikubwa mara kumi na zaidi: miligramu 4 hadi 5 kwa siku, uanze angalau miezi mitatu kabla ya kuacha uzazi wa mpango. Ni vile vidonge vidogo vya njano, bei yake haimshindi muuza vitumbua, ila uandikiwe na daktari na usijipimie mwenyewe. Utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza na kuchapishwa mwaka 1991 uliwachukua wanawake kama wewe, waliokwishapata mtoto mmoja mwenye tatizo hili. Waliomeza kipimo kikubwa walipunguza uwezekano wa kupata wa pili kwa karibu robo tatu. Tatizo halikuisha lote, na nakwambia hilo mapema ili mambo yakienda vingine usijilaumu.

Daktari mwambie mambo mawili bila kuulizwa: kama unatumia dawa za kifafa, maana ipo inayoitwa valproeti ambayo inaongeza hatari hii, na kama una kisukari au kwenu kuna wenye kisukari. Ukifika wiki ya 12 kipimo kikubwa kiishie hapo, urudi kwenye kile kidogo kilichomo kwenye vidonge vya damu. Kuna sababu. Baada ya hapo kliniki wataanza kukupa SP ya kukinga malaria, na foliki asidi nyingi inaizuia SP isifanye kazi. Wapo wanaomeza vyote kwa pamoja wakidhani wanajizidishia afya.

Kuhusu chakula: unga wa ngano wa viwandani kwetu huongezwa foliki na madini ya chuma kwa mujibu wa kanuni zilizotoka mwaka 2011, angalia mfuko umeandikwa umeongezwa virutubishi. Sembe unayosagisha mashine ya mtaani haina kitu hicho. Mchicha, kunde na maharage kula kwa wingi, lakini usiviweke mahali pa kidonge.

Mimba ikifika wiki 18 hadi 20 pigwa utrasaundi na mtu anayejua kutazama mgongo, na upange kujifungulia hospitali yenye upasuaji. Mama mkwe mheshimu. Tambiko sina ugomvi nalo, wazee wana yao. Foliki itangulie tu. Na mumeo akijaribu kuitumia laana hiyo kutafuta nyumba ya pili, mwonyeshe ukurasa huu.

MTOTO HAKULIA

Mama, mke wangu alishikwa na uchungu Ijumaa jioni. Bibi yake akampa dawa ya uchungu ili mambo yaende haraka. Tulifika zahanati Jumamosi usiku na mtoto akazaliwa alfajiri ya Jumapili. Hakulia. Nesi alimhangaikia sana. Sasa ana miezi minane, shingo haijakaza, ukimnyanyua miguu inakakamaa kama mkasi. Hospitali wamesema mtindio wa ubongo. Wazee wanataka tumchimbie shimo tumsimamishe humo kila asubuhi. Nani alikosea, na sasa nifanye nini?
Baba, Handeni

Baba, maswali yako mawili hayana uzito sawa. La pili ndilo lenye faida, ila najua la kwanza ndilo linalokunyima usingizi, kwa hiyo nalijibu.

Uchungu wa kawaida unakuja na kuondoka. Mfuko wa uzazi ukikaza, damu inayokwenda kwenye kondo la nyuma inapungua. Ukilegea, inarudi, na mtoto anapata hewa ya kumvusha mkazo unaofuata. Dawa za uchungu, ziwe majani ya kuchemsha au vile vidonge vinavyouzwa kwa kunong'onezana, kazi yake ni kuukaza mfuko, na zikizidi mfuko haulegei tena. Mama anasikia uchungu umeshika barabara, nyumba nzima inafurahi, kumbe mtoto ndani anakosa hewa. Hospitali nasi tunayo dawa ya kuongeza uchungu, lakini tunaihesabu tone kwa tone kwenye dripu, tunasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na mapigo yakibadilika tunaifunga. Kikombe cha bibi hakina pa kufungia. Mfuko unaweza hata kuchanika, na hapo mnapoteza wawili. Wajukuu wenye wake na waume zao, kikombe hicho kikipita mbele yenu, kikataeni kwa adabu, lakini kikataeni.

Halafu kuna dakika ya kwanza. Mtoto asiyelia akaushwe kwa nguvu kwa kitambaa kikavu, asuguliwe mgongo, njia ya hewa isafishwe ikiwa ina uchafu, na akiendelea kunyamaza apewe hewa kwa mfuko na barakoa, tunauita ambu, kabla dakika moja haijatimia tangu atoke. Tunaiita dakika ya dhahabu. Kumning'iniza miguu juu, kumpiga makofi na kumwagia maji baridi kunaila dakika hiyo bure. Wahudumu wa hospitali 8 za hapa kwetu walipofundishwa kazi hii kwa kutumia mwanasesere, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua karibu nusu; matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Ambu yenyewe ni mpira mtupu, haihitaji umeme. Ukiingia chumba cha kuzalia kokote, ukaiona mezani imeoshwa, ujue hapo pana mkunga anayejua kazi.

Sasa nani alikosea? Kwa barua siwezi kuhukumu na sitaki. Mtindio wa ubongo hauji kwa kukosa hewa peke yake. Unaweza kuletwa na kuzaliwa njiti, maambukizi mimba ikiwa tumboni, manjano makali, malaria ya kichwani, homa ya uti wa mgongo. Saa nyingi za uchungu pamoja na dawa vinatia shaka, lakini usiende kumgombeza bibi wa watu. Alifanya alichofanyiwa yeye. Aambiwe, tena na mtu anayemheshimu, ili mjukuu mwingine asipewe.

La pili: shimo msichimbe. Mtoto ambaye shingo haijakaza ukimfukia kiunoni unamtesa tu, mchanga haumfundishi kusimama. Mpeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo sasa hivi, usingoje afike mwaka. Hospitali ya wilaya watakuelekeza. Watakufundisha namna ya kumbeba ukiwa umemtenganisha miguu kiunoni mwako ili ile mikasi ilegee, na namna ya kumkalisha kwenye kona au kwenye kiti cha kumshikilia. Kulisha ndiko kunakoua watoto hawa kuliko mtindio wenyewe, nalisema bila kuzunguka. Usimlaze chali ukamnywesha uji. Unaingia kwenye mapafu. Mkalishe wima, kidevu kishuke kidogo, uji uwe mzito, kijiko kidogo, umngoje ameze. Hii inachosha, na mama peke yake hataiweza. Shika zamu.

Mtoto mwingine akija, msingoje uchungu nyumbani. Kama zahanati iko mbali, ulizia hospitali yenye chigonela, ile nyumba ya kusubiria kujifungua, mke ahamie wiki mbili tatu kabla ya tarehe.

SANDUKU LANGU LINA KOSA GANI?

Mimi ni bibi wa Pangani. Mjukuu wangu alizaliwa mzima, kilo tatu na nusu. Siku ya pili nikamvika nguo nilizokuwa nimezitunza sandukuni tangu baba yake mdogo. Siku ya tatu macho njano. Nikamwanika jua la asubuhi kama tulivyofanya wenyewe. Siku ya nne wakamchukua hospitali, nesi akaniuliza sandukuni naweka nini. Mtoto alipona, lakini mkwe wangu hanisemeshi vizuri. Nguo zilikuwa safi.
Bibi

Bibi mwenzangu, nguo zilikuwa safi, sina shaka. Nesi alikuwa anauliza vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo na mende, vyenye harufu ya kuchoma pua. Ni naftalini. Huku pwani na kila palipokaa malaria kwa karne nyingi, kuna watu, hasa wanaume, waliozaliwa na upungufu fulani kwenye chembe nyekundu za damu. Wanaitwa wenye upungufu wa G6PD, na wengi hawajijui maisha yao yote. Mtoto wa namna hiyo akivuta ile harufu, au ikipita kwenye ngozi yake laini, chembe za damu zinapasuka kwa wingi, na manjano yanapanda kuliko ini lake changa linavyoweza kusafisha.

Manjano kidogo siku ya tatu ni ya kawaida kwa watoto wengi. Yakizidi yanaingia kwenye ubongo, na huko yanaacha uziwi na aina ya mtindio wa ubongo ambayo mwili unajinyonga wenyewe. Kwa hiyo angalia mambo haya. Yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, kimbia hospitali hata kama ni usiku. Yakifika viganjani na kwenye nyayo, kimbia. Mtoto akilegea, akakataa ziwa, au akalia kwa sauti kali ya juu, kimbia. Weusi wa ngozi zetu unaficha, hivyo angalia weupe wa macho, fizi na nyayo, ukiwa nje kwenye mwanga. Bonyeza kwa kidole, uachie, uone rangi inayobaki.

Jua la asubuhi halitibu manjano yaliyopanda. Hospitali wana taa za buluu, mtoto analazwa uchi chini yake amefungwa macho, usiku na mchana, na yakiwa makali sana anabadilishwa damu. Kosa la jua ni kwamba linatupa moyo wa kungoja kesho.

Sandukuni sasa weka karafuu ukitaka harufu. Zile nguo kufua mara moja hakutoshi, mpe mtoto nyingine. Na mkwe wako mpelekee samaki wa kupaka, mambo yataisha.

KWA UFUPI

Mume wa Kahama anayeuliza kwa nini achome sindano ilhali kaswende imeonekana kwa mkewe na yeye hana kidonda: vidonda vya kaswende hupotea vyenyewe na ugonjwa unabaki. Mkeo akitibiwa peke yake utamrudishia. Inaua watoto tumboni, na wanaopona wanaweza kubaki na mifupa iliyoharibika, uziwi na macho mabovu. Sindano yake ni penisilini ya siku zote, na inafaa ichomwe mapema, angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Nenda kesho. Nani alianza mtazungumza baadaye, bila ngumi.

Dada wa Mwanza mwenye damu kundi O hasi, mume chanya: mtoto wa kwanza kwa kawaida hapati shida. Tatizo ni kinga ambayo mwili wako utaitengeneza damu yake ikichanganyika na yako, ije kumshambulia wa pili. Sindano ya anti-D, inayozuia kinga hiyo isitengenezwe, huchomwa karibu wiki ya 28 panapowezekana, na ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya. Mimba ikitoka, vilevile saa 72. Zahanati nyingi hazina, na bei yake inauma, kwa hiyo anza kuitafuta na kuweka akiba leo. Kundi lako liandikwe kwa herufi kubwa juu ya kadi ya kliniki.

Mzazi wa Lindi, mtoto ana nyayo zilizopinda kwa ndani: mpeleke wiki za mwanzo. Anafungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, mara tano sita hivi, wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, halafu viatu vyenye fito katikati. Viatu hivyo ndivyo vinavyowashinda wazazi. Miezi mitatu ya kwanza saa 23 kwa siku, kisha usiku tu hadi karibu miaka minne. Mkivitupa kwa sababu mguu umenyooka, utapinda tena. Na umetaja kwamba mnatumia chumvi ya gunia kutoka mashamba ya chumvi ya hapo kwenu. Mara nyingi haina madini joto, na mjamzito akikosa madini joto ubongo wa mtoto unadumaa. Nunua ya pakiti iliyoandikwa, funika kopo, tia mwishoni mwa kupika.

Msichana wa Songea anayeuliza kuhusu rubela, ugonjwa wa virusi unaoweza kumlemaza mtoto tumboni mama akiupata mjamzito: chanjo ya surua na rubela pamoja inatolewa kwa watoto nchini tangu 2014. Kama wewe hukuchanjwa, ulizia kabla ya kuolewa. Ukiwa mjamzito hutachomwa, ni chanjo ya virusi hai.

MIMI NDIYE HUYO ULEMAVU MNAOUZUIA

Mama, nakusoma kila toleo. Natumia kiti cha magurudumu tangu nilipougua polio utotoni. Nina mimba ya miezi mitano. Nilipokwenda kliniki, mhudumu aliniuliza mbele za watu, "Na wewe nani kakufanyia hivi?" Uzito hawakunipima kwa sababu siwezi kusimama kwenye mizani. Kisha narudi nyumbani nasoma "tuzuie ulemavu." Najiona kama ajali iliyowaponyoka. Je, mtoto atarithi? Na lazima nipasuliwe?
Mwalimu, Dodoma

Mwalimu, barua yako imenikalisha. Mtoto harithi polio, ni kirusi, na mwanao atachanjwa kama wenzake. Mwaka 2022, baada ya kirusi kuonekana Malawi, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba hapa kwetu. Nilifurahi kuwaona, na sikuona kwamba furaha hiyo inakugusa wewe kwa ubaya. Lakini nakubali: tunaandika "kuzuia ulemavu" kana kwamba wasomaji wote wanatembea, halafu mama mwenye ulemavu akija kuzuia wa kwake hatuna hata mizani ya kumpimia. Uzito, presha na damu yako vina kazi ile ile kama kwa mjamzito yeyote. Asiyepimwa presha anaweza kupata kifafa cha mimba, na kifafa cha mimba nacho huzalisha watoto wasiolia.

Upasuaji si lazima kwa sababu ya kiti. Polio ya utotoni inaweza kuupinda uti wa mgongo au kuifanya nyonga ikue upande, kwa hiyo omba daktari wa uzazi aikague nyonga kabla ya mwezi wa nane, na kama una mgongo uliopinda, mtaalamu wa usingizi naye akuone mapema. Mfuko wa uzazi haukuguswa na polio, unasukuma kama wa mwingine. Ukikaa kwenye kiti muda mrefu na tumbo linakua, jinyanyue kwa mikono kila baada ya muda mfupi usipate vidonda, kunywa maji mengi, na mkojo ukiuma usingoje tarehe ya kliniki. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma kuliko mwingine, siku hiyo hiyo hospitali, damu inaweza kuwa imeganda.

Mizani dawa yake ni rahisi: kapimwe kwenye ile ya kupimia mizigo au ya jukwaa, ukiwa juu ya kiti, kisha kiti kipimwe peke yake, watoe. Hospitali ya rufaa inayo stoo kama si wodini. Ukiambiwa haiwezekani, mtaje mganga mkuu na utaje Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Ile haikuwekwa kabatini kwa mapambo. Aliyekuuliza swali lile mbele za watu ana msimamizi wake, na malalamiko hupokelewa kwa maandishi. Wewe ni mwalimu, yaandike.

Mwezi wa saba nenda na msindikizaji wako ukaone chumba cha kuzalia chenyewe: mlango una upana gani, kitanda kinashuka au la, choo kiko wapi. Kama kitanda hakishuki, wakubaliane nawe tangu siku hiyo nani atakunyanyua na vipi, waandike kwenye kadi. Ukishajifungua niandikie, nataka kujua walikupa kitanda kipi.